Maradhi ya Pumzi ya Watoto Njiti

Ni taabu impatayo mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza miezi yake, kwa sababu mapafu yake hayajafanya kiasi cha kutosha cha ule utando wa mafuta uitwao safaktanti, ambao huvizuia vifuko vidogo vya hewa visinywee kila atoapo pumzi. Sababu hiyo ilidhihirishwa mwaka 1959 na tabibu Mary Ellen Avery pamoja na Jere Mead, huko Boston. Walakini tiba ilichelewa, na mwaka 1963 Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alifariki kwa maradhi hayo hayo akiwa hajatimiza siku mbili, ijapokuwa baba yake hakukosa mali wala matabibu. Mwaka 1971 George Gregory alibainisha faida ya hewa yenye mgandamizo usiokatika. Na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara, wa Japani, akawatia watoto 10 mapafuni safaktanti iliyotokana na ng'ombe, wakapata nafuu ya ajabu. Aghalabu baada ya siku chache mapafu huanza kujitengenezea utando wake. Kazi ya wauguzi ni kumfikisha mtoto hapo, wakitahadhari oksijeni isizidi, maana ziada yake hudhuru macho.