Profesa aliyeokota maneno yetu



Wengi wetu tuliporudi Kasongo na Kabambare tulikuta watu wengine ndani ya parseli zetu. Tukaulizwa: karatasi iko wapi? Karatasi iliungua na nyumba, ao ilipotea njiani tulipokimbia. Kwa hiyo leo tunamukumbuka profesa mmoja aliyejua thamani ya karatasi na ya kinywa cha mzee.

Ni Benoît Verhaegen, Mbelgiji aliyefundisha Lovanium, kisha Kisangani. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipita kwetu. Kindu ikaanguka tarehe 24 Julai. Verhaegen hakungoja miaka hamsini. Alikusanya barua, amri, ripoti na masimulizi ya wale wenyewe waliokuwa ndani ya mambo, yangali moto. Mwaka 1969 akatoa kitabu kizima juu ya Maniema, cha pili katika Rébellions au Congo.

Kisha akageukia mji. Mwaka 1975 kilitoka chini ya uongozi wake kitabu cha miaka mia moja ya Kisangani, 1876 mpaka 1976, na sehemu ya kwanza ilikuwa juu ya wakaaji. Mwaka 1990 akatoa kingine, juu ya wanawake wa Kisangani na namna walivyopigania maisha. Kwake mji ni watu kwanza, nyumba baadaye.

Siye wa Kasongo tunalijua jambo hilo. Kasongo ya Tippu Tip, iliyotekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, haiko pale mji ulipo leo. Iko Tongoni, na jina lenyewe linasema: mahame. Mji mzima umehama. Sembuse parseli moja?

Verhaegen alifariki mwaka 2009. Vitabu vyake viko, lakini havitaji mupaka wa shamba la mama yako. Hiyo ni kazi yetu. Kila familia imuletee karani wa chama habari zake: kartiye gani, avenyu gani, majirani ni nani, nani alipanda ule mwembe, mulikimbia mwaka gani. Majirani wawili washuhudie. Wafadhili, daftari na kalamu si musaada mudogo.

Twende kwa wazee kwanza. Mzee akiisha kuzikwa, hatutamuamsha kumuuliza mupaka.