CorelDRAW: namna ya kufanya kifaa kijibadilishe chenyewe, na fasi ya kuwa macho

Katika nyumba za kuchapa afishi, bashi na tisheti, angalia mkono wa kijana anayefuatisha logo kusudi aikate. Anashika mshale wa kuchagua, anabonyeza umbo, anaenda F10 kunyoosha nukta zake, anarudi kwenye mshale, kisha anaanza tena. Kwa logo moja tu, ile safari inaweza kupita mara mia. Na kama umeme unatoka kwenye grupu, kila dakika inakunywa esansi.

Kuna njia ya kupunguza ile kazi: makro inayongoja tukio.

Makro ya tukio ni nini?

Makro ni maagizo mafupi yaliyoandikwa ndani ya programu. CorelDRAW, ya kampuni ya Corel kule Kanada, ilipata lugha ya VBA katika toleo la 9, mwaka 1999. Si kila toleo linalouzwa lina VBA, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Makro ya kawaida inangoja uiite. Makro ya tukio inaamka yenyewe wakati jambo fulani limetokea: fayili imefunguliwa, ao umbo limechaguliwa.

Inaandikwa wapi?

Bonyeza Alt na F11. Ndani ya GlobalMacros, fungua ThisMacroStorage, uchague tukio linaloitwa SelectionChange. Pale unaandika sharti: kama kile kilichochaguliwa ni mstari uliopinda (cdrCurveShape), basi ActiveTool iwe cdrToolNodeEdit, maana yake kifaa cha nukta. Weka pia sharti la kwanza kabisa: kama hakuna kitu kilichochaguliwa, makro itoke bila kufanya kitu.

Ukifungua programu na makro hailali wala haiamki, tazama kwenye machaguo, sehemu ya VBA: pengine VBA imewekwa ichelewe kuanza. Toa ile alama.

Shida iko kwenye kuchagua tukio

Wengi wanafurahi siku ya kwanza, siku ya pili wanafuta makro. Sababu? Unataka kusogeza umbo kidogo tu, lakini ukiligusa, makro inakunyanganya mshale na kukupa kifaa cha nukta. Programu haijui nia yako. Inajua tu kwamba kitu kimechaguliwa.

Dawa ni kuongeza sharti. Tengeneza kalke moja, uiite "kata", na uambie makro ifanye kazi kwa maumbo yaliyo kwenye kalke hiyo peke yake. Kwingine kote, mkono wako unabaki huru. Na kwa kurudi kwenye mshale haraka, kitufe cha nafasi kinatosha.

Hatari nyingine ni mzunguko. Makro ikichagua umbo lingine yenyewe, inaamsha tena tukio lile lile, na programu inaweza kukwama na kazi ya mteja ndani. Kwa hiyo, kabla makro haijabadilisha uchaguzi, weka EventsEnabled kuwa False. Ikimaliza, irudishe True. Na siku ya kujaribu, tumia nakala ya fayili, usitumie ile ya mteja.

Usipokee makro ya kila mtu

Mwezi wa tatu 1999, virusi vya Melissa vilienea duniani kupitia fayili za Word. Vilikuwa makro iliyoamka wakati mtu amefungua fayili, kisha ikajituma kwa anwani 50 za kwanza alizokuwa nazo. Mlango ulikuwa ule ule tunaoutumia hapa: tukio.

Kwa hiyo makro inayopita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono, isome kwanza. Ile ya kubadilisha kifaa ni mistari michache tu. Ukiona ni kurasa nzima, uliza inafanya nini zaidi, mbele ya kuiweka kwenye mashine inayokulisha.