Vyuo Viliungana, Fundi Akaambiwa Asubiri

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa mashine za boti hapa Gazi. Alisoma Mombasa, Tudor, kwenye chuo ambacho mpaka anaingia kaburini alikiita Miome. Ukimwambia "Polytechnic" alikuwa anakutazama tu. Miome ni ufupisho wa jina la Kiingereza la Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, ya Aga Khan, ya jamaa wa Kibohora na ya serikali ya kikoloni. Kusudi lilikuwa kumpa kijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi ya mikono iliyo na cheti. Mjomba aliingia kikiitwa Miome, akatoka 1966 kimekuwa Mombasa Technical Institute, milango iko wazi kwa kila dini na kila kabila. Alikuwa akipenda kusimulia siku alipopewa jiliwa moja na kijana kutoka bara wagawane. Wiki nzima hawakusemeshana, kisha mmoja akavunja tupa ya mwenziwe, ikabidi waseme.

Namtaja kwa sababu mwaka juzi mwana wa dada yangu alimaliza kidato cha nne akataka kufuata nyayo zake, nikajikuta natafuta historia ambayo sikuwa na haja nayo. Nilitaka kujua: chuo cha fundi hukoma lini kuwa cha fundi? Jibu nililipata mbali na Gazi, Nairobi, katika kuungana kwa vyuo viwili mwaka 1954.

Mwaka 1947 serikali ya Kenya ilipanga kujenga chuo cha ufundi na biashara Nairobi. Mpango ukakua, ukawa wa Afrika Mashariki nzima, na Septemba 1951 ukapata hati ya kifalme: Royal Technical College of East Africa. Jiwe la msingi likawekwa Aprili 1952. Wakati huohuo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichanga pesa za chuo chao, kumbukumbu ya Mahatma Gandhi aliyeuawa 1948. Chao kilikuwa bado hakijajengwa, lakini pesa zipo, jumuiya ipo, na nia ni masomo ya sanaa, sayansi na biashara. Kujenga vyuo viwili katika mji mmoja kukaonekana hasara. Wakakubaliana, na Aprili 1954 Gandhi Memorial Academy ikaingizwa ndani ya chuo cha kifalme. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956, na mwaka huohuo Makamu wa Rais wa India, Radhakrishnan, akaja kufunua sanamu ya Gandhi ambayo ingali pale chuoni.

Kabla sijalalamika niseme ukweli. Kwa Kenya ya wakati ule hili lilikuwa jambo kubwa. Skuli zilikuwa za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, za Waafrika mbali zaidi. Na mwaka 1956, hali ya hatari ingaliko, kijana Mwafrika, Mhindi na Mzungu wanaingia darasa moja la uhandisi. Miome yetu ilingoja miaka kumi zaidi kufungua milango yake. Kwa hiyo sisemi kuungana kule kulikuwa kosa.

Lakini tazama nini kilifuata. Chuo kilichoanza kwa nia ya ufundi sasa kina sanaa na sayansi ndani yake, na mwenye sanaa na sayansi haachi kutamani shahada. Mwaka 1958 tume iliyoongozwa na Dakta Lockwood wa London ikachunguza habari ya elimu ya juu katika nchi hizi, ikapendekeza chuo kigeuzwe. Tarehe 25 Juni 1961 kikawa Royal College Nairobi, chuo kikuu kishiriki cha pili Afrika Mashariki baada ya Makerere. Miaka mitano tu! Wanafunzi wa sanaa, sayansi na uhandisi wakaanza kutayarishwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Wa usanifu majengo na wa biashara wakabaki kwanza na stashahada na mitihani ya vyama vya taaluma zao. Na yule wa ngazi ya chini, wa cheti cha ufundi, akaonyeshwa njia ya Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa mwaka uleule wa 1961. Jengo lenyewe lililoitwa la ufundi likawa, kufikia 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kwa aliyefaulu kubaki ndani, kuungana kulikuwa neema. Aliingia kwa stashahada, akaona shahada imemfuata mlangoni. Kwa aliyekuja nyuma yake na alama chache zaidi, mlango ulikuwa umesogezwa.

Na haukusogezwa mara moja. Mwaka 2007 serikali ikaichukua Kenya Polytechnic, ileile iliyopokea waliobaki nje, ikaifanya chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtoto aliyetolewa nyumbani akarudishwa kwa mamake, kwa sharti avae joho. Mwaka huohuo Mombasa Polytechnic, yaani Miome ya mjomba, ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwaka 2013 zote mbili zikapewa hati za kujitegemea: Technical University of Kenya na Technical University of Mombasa. Pwani ilikaa bila polytechnic ya kitaifa mpaka 2016, ilipopandishwa Mombasa Technical Training Institute ikawa Kenya Coast National Polytechnic.

Hiyo 2013 ndiyo inayoniuma mimi mtu wa Kwale. Ndio mwaka mgodi wa titani ulikuwa unaanza kazi, si mbali na hapa, na kila baraza habari ni moja: nani ana cheti cha kuchomelea, nani ana cheti cha umeme, nani anaweza mitambo. Mombasa, ng'ambo ya Likoni, chuo kilichojengwa hasa kwa ajili ya vyeti hivyo kilikuwa kinasherehekea kuwa chuo kikuu. Sikatai, hata mimi nilishangilia. Nani hataki chuo kikuu Pwani, sisi tuliozoea kupeleka watoto bara?

Huyu kijana wetu alipata D ya juu. Kwenye chuo kimoja mjini alipewa orodha ya kozi ndefu kama mkeka, zote zinaanzia C. Karani, mtu mstaarabu tu, akamwambia, "Ya kwako ilikuweko zamani." Akarudi na feri, hakula siku hiyo. Akaniuliza, "Mjomba, kwani boti zinatengenezwa na wenye digrii?" Nikakosa la kumjibu. Boti za Gazi hazijawahi kutengenezwa na mwenye digrii.

Sasa yuko kwenye chuo cha ufundi cha kaunti, muhula wa pili. Mashine za kujifunzia ni mbili, wanafunzi wengi, wanapeana zamu. Juzi usiku alinipigia simu kuuliza kama ile jiliwa ya babu na tupa zake bado ziko. Jiliwa imeshika kutu kidogo. Nimeipaka mafuta, Ijumaa nikishuka Ukunda nitampelekea.