Kopo la Hela Kuukuu

Nimekusanya sarafu kwa mwaka mmoja tu, na kopo langu la Blue Band halijafika hata nusu. Nalisema hili mapema, ndugu msomaji, usije ukadhani unasoma habari za tajiri mwenye kabati la vioo. Mimi ni mtu wa Nyalikungu, pale Maswa mjini, na huku kwetu ukisema unatafuta hela za zamani watu wanakuuliza kwanza kama hela za sasa umeshazimaliza.

Mambo yalianza siku bibi alipohamisha kitanda. Alipofagia chini yake ikatoka senti kumi yenye tundu katikati, nyeusi tii, akaisukuma pamoja na takataka. Nikaiokota. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama kikombe cha harusi, nikajiona fundi. (Baadaye nilikuja kujua kwamba sarafu ya zamani haisuguliwi hata kidogo. Ule weusi ndio ngozi yake, na ukiuondoa umeichuna. Hiyo ya bibi nimeichuna, basi tena.) Kwa herufi kubwa ilikuwa imeandikwa EAST AFRICA, mwaka 1936, na jina la mfalme: EDWARDVS VIII. Jina tu, sura hakuna. Pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu.

Nikajiuliza, mfalme gani huyu? Maana katika vitabu vya shule nilimjua George, nilimjua Elizabeth. Kumbe Edward wa Nane alitawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo wa 1936, halafu akajiuzulu ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa ameachika. Hata taji hakuwahi kuvishwa. Kwao Uingereza pesa zenye sura yake hazikutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuhitaji kichwa cha mtu, palikuwa na tundu, ikatosha kubadilisha jina. Zikapigwa kwa mamilioni. Kwa hiyo mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuishika sarafu yake, mama zetu Usukuma walimfunga kwenye pindo la kanga. Nilipomweleza bibi kisa chote hicho, mapenzi, kiti cha enzi na kadhalika, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Hiyo ilikuwa inanunua chumvi."

Hapo ndipo nilipokamatwa.

Nilianza kuzunguka siku za mnada, kule wanakouza ng'ombe, michembe na mitumba, nikiwaomba akina mama waangalie masanduku yao. Wengi walinicheka. Wengine walinipa bure. Mama mmoja wa kuuza dagaa alinipa senti kumi mbili kwa mpigo, moja ya 1945 na nyingine ya 1949, na hizi mbili nazipenda kuliko nyingi. Ukiziweka bega kwa bega ni kama mapacha. Ila ile ya 1945, baada ya jina la George wa Sita, ina maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, yanayosema kwamba yeye ni mfalme na pia ni mtawala mkuu wa India. Katika ile ya 1949 India haimo. India ilijipatia uhuru wake 1947, na habari hiyo ilifika Maswa ndani ya senti kumi, ingawa sijui ni nani aliyeisoma. Chini ya ile ya 1945 kuna herufi SA, maana yake ilipigwa Pretoria, Afrika Kusini. Wakati wa Vita vya Pili sarafu zetu nyingine zilipigwa huko, na nyingine Bombay. Senti kumi ya kununulia chumvi ilikuwa imetembea kuliko mnunuzi.

Sarafu za baada ya uhuru nazipita haraka, si kwa dharau, ila ni kwa kuwa kila nyumba inazo. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huohuo zikatoka sarafu zetu wenyewe zenye kichwa cha Mwalimu: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini, na mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi. Senti hamsini tuliita sumni, na jina hilo ni kuukuu kuliko sarafu yenyewe, ni thumni ya Kiarabu, sehemu moja ya nane. Shilingi tano ikaitwa dala. Wakati mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, nauli ilikuwa hiyo dala, makondakta wakaipigia kelele, "dala, dala," na mpaka leo gari tunaliita daladala wakati shilingi tano haipo tena mfukoni mwa mtu yeyote. Jamaa wanaotaka kuwa waandishi, na najua mko wengi mnaosoma ukurasa huu, angalieni sana jambo hili. Sarafu hufa, jina likabaki linatembea mjini.

Kwa sababu hiyohiyo hebu tuulize, hili neno "hela" lilitoka wapi?

Zamani babu zetu hawakuwa na sarafu. Walikuwa na ng'ombe, walikuwa na shanga na nguo zilizotoka pwani, walikuwa na majembe ya chuma ambayo yaliolea wanawake na kununulia mifugo. Halafu ikaja Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kuanzia 1890 ilitoa rupia ya fedha, upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya vita yenye tai juu yake, upande wa pili simba mbele ya mnazi. Chini ya rupia kulikuwa na pesa za shaba, 64 kwa rupia moja, zimeandikwa Kiarabu upande mmoja ili watu wa pwani wazikubali. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikabadilisha hesabu. Pesa ikafutwa, rupia ikagawanywa kwa heller 100. Heller hiyo ndiyo hela. Ninayo moja ya heller tano ya 1909, shaba tupu, gramu 20, ukiidondosha mguuni utalia. Sishangai walikuja kuiacha wakapiga ndogo zenye tundu.

Lakini kupiga sarafu si kazi. Kazi ni kumfanya mtu aitake. Mkulima mwenye mtama wake na ng'ombe wake ana haja gani na Kaisari mwenye tai kichwani? Jibu lilikuwa amri ya Novemba 1897. Kila nyumba ilipiwe kodi, huku vijijini rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni wengine walilipa kwa mazao au kwa kufanyishwa kazi, lakini lengo lilijulikana. Ili upate rupia ilikubidi uuze kitu kwa wanaozitoa, au ujiuze mwenyewe: mashambani, relini, kwenye msafara wa mizigo. Nilikuwa nafikiri hela ilikuja kwetu kwa mlango wa duka. Hapana bwana, ilikuja kwa mlango wa kodi, duka likafuata nyuma.

Sasa nifike kwenye ile sarafu ambayo haimo koponi.

Mwezi wa nane wa kuzunguka kwangu, mshikaji mmoja alinijia mbio. Kwao kuna babu mwenye rupia ya Mjerumani, na kuna mnunuzi ametoka mjini, ametaja milioni, twende ukaione. Lazima nieleze kidogo kuhusu hawa wanunuzi. Karibu kila mahali Tanzania kuna hadithi ya rupia za Mjerumani, eti zina nguvu ndani, zinavuta punje za mchele, wazungu wanazitafuta kwa mamilioni. Watu wamechimba chini ya miti, wamechimba kwenye misingi ya majengo ya Mjerumani. Nijuavyo mimi, anayechimba hubaki na shimo. Na huyo anayejiita mnunuzi kwa kawaida hatoi kitu, anaomba kwanza hela ya kupimia.

Tukafika. Nikamwamkia mzee, "Mwadela, guku." Akaitikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepita miaka themanini, macho yana ukungu lakini masikio mazima. Akafungua kitambaa. Haikuwa rupia. Ilikuwa shaba ya njano, umbo halijanyooka vizuri, taji limechorwa kama kwa mkono wa mtu mwenye haraka, mwaka 1916, na herufi moja ndogo: T.

Msomaji, mapigo ya moyo yalinienda mbio. T ni Tabora.

Mwaka 1916 manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, fedha mpya hazikuweza kutoka Ujerumani, na jeshi lililokuwa likipigana nchini lilihitaji kulipa askari, wapagazi na wauza chakula. Wajerumani walichapa noti za muda, lakini karatasi ya mtu anayeshindwa vita nani anaitaka? Ndipo katika karakana ya reli Tabora wakageuza mashine kuwa za kupiga sarafu. Walipiga heller tano na heller ishirini za shaba, na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga rupia 15 zenye picha ya tembo, jumla 16,198. Hiyo ya tembo sijaiona kwa macho yangu na sitegemei. Mwanza ilikwisha kutekwa na Waingereza Julai ya mwaka huo. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Maisha ya hela hiyo chini ya serikali iliyoitoa yalikuwa miezi tu.

"Ilikuwa ya baba," mzee akasema. "Alibeba mizigo ya Mjerumani. Wakampa hizi, nyingi kidogo, alizifunga kwenye ngozi. Aliporudi nyumbani kumbe nchi ina Mwingereza. Akazipeleka kulipia kodi, wakamwambia hizi si fedha."

"Akazitupa?"

"Nyingine aliwapa watoto wachezee. Hii akaiweka. Alisema Mjerumani anadaiwa."

Hakucheka aliposema hivyo. Waingereza walikuja na florini mwaka 1920, halafu shilingi mwaka 1921, rupia ikahesabiwa shilingi mbili, vitabu vinaeleza vizuri sana hesabu hiyo. Mpagazi aliyerudi kwa miguu na fungu la shaba ya Tabora haonekani katika hesabu hiyo.

Mjukuu wa mzee, kijana wa rika langu, alikuwa amesimama mlangoni akingoja neno moja tu kutoka kwangu. Mnunuzi ameomba laki moja na nusu ya kupimia, na wao walikuwa tayari kuuza ndama. Wote wakaniangalia mimi, mtaalamu wa miezi minane mwenye kopo la Blue Band.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza pia, na nakiri wazo lilinipitia, kusema haina maana yoyote, halafu niichukue kwa elfu kumi. Nikasema kweli. Nikasema hii ni sarafu halisi, ina historia kubwa, lakini haina nguvu ya kuvuta mchele wala chuma, na kwa wakusanyaji bei yake ni ya mbuzi, labda mbuzi wawili akipatikana mpenzi. Ndama asiuzwe.

Yule kijana alinitazama kwa muda. "Umekuja kutushushia bei ili uinunue wewe," akasema.

Sikuwa na la kujibu, maana kweli nilikuwa naitaka. Nilijaribu kueleza kwamba thamani si milioni, nikataja vita, nikataja karakana, nikataja Wabelgiji. Alikuwa anahitaji ada ya chuo. Mimi nampa Wabelgiji.

Ndama hakuuzwa, hilo najua, kwa sababu mnunuzi aliposikia kuna mtu ameitambua sarafu hakuonekana tena. Kijana yule tukikutana stendi ananipita. Mzee nilirudi kumwona mara mbili. Mara ya pili nilimwambia nitampa bei ya mbuzi wawili kamili, nimeikusanya kwa kubeba marobota ya pamba msimu mzima. Akaikunja kitambaani taratibu.

"Wewe ndiye Mjerumani?" akaniuliza.

"Hapana, guku."

"Basi si wewe unayedaiwa."

Nikamwomba karatasi tu. Niliiweka juu ya sarafu, nikapitisha penseli ubavu ubavu kama tulivyokuwa tukifanya darasa la kwanza, mpaka taji likatoka, na 1916, na ile T imepinda kidogo kushoto. Karatasi hiyo nimeikunja mara nne, iko ndani ya kopo, juu ya senti ya Edward.