Malenga wa Ng'ambo ya Ruvuma

Mtu asimamaye Newala, penye ukingo wa uwanda wa juu wa Wamakonde, huliona bonde la Mto Ruvuma limelala chini yake, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Wamakonde hukaa pande zote mbili, na mpaka walioupatana Wajerumani na Wareno haukuwazuia kuoana wala kuzikana. Baada ya mauaji ya Mueda, tarehe 16 Juni 1960, mto ule uligeuka mlango wa wakimbizi. Wengi waliovuka walikuwa wakulima, nao walikuja na ngoma na nyimbo zao. Malenga mmoja aliyekuja kuwa miongoni mwa wakuu wao alifika Tanganyika kwa njia ndefu zaidi.

Marcelino dos Santos alizaliwa Lumbo, katika pwani ya Msumbiji, mwaka wa 1929. Alikwenda Lisbon kusoma, akajuana huko na Amílcar Cabral na Agostinho Neto, ambao nao walikuwa washairi, na mwaka wa 1951 akahamia Paris. Mashairi yake aliyatoa kwa jina la Kalungano. Kitabu kilichopigwa chapa Urusi ya Kisovyeti kilichukua jina la Lilinho Micaia. Majina hayo hayakuwa pambo, yalikuwa ngao. Katika shairi lake mashuhuri, mama mweusi ambembeleza mwanawe na kuota ulimwengu ambamo mtoto huyo angekwenda shule.

FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, alikuwamo, akapewa mambo ya nchi za nje. Kalamu ikageukia barua na hotuba. Kambi kuu ya askari ikawekwa Nachingwea, kaskazini ya Masasi. (Masasi yenyewe ni mji uliozoea wageni waliong'olewa kwao: mwaka wa 1876 wamisionari wa Kiingereza waliwakalisha hapo watumwa waliokombolewa.) Shule zilifunguliwa Tunduru na Bagamoyo, na kwa hiyo ndoto ya yule mama ilianza kutimia ugenini. Lakini mtoto alifundishwa kwa Kireno. Lugha hiyo ilichaguliwa ili kabila lolote lisijione bwana wa jingine, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo wapiganaji wa Mueda waliimba Kimakonde na Kiswahili, na mama aliyetungiwa shairi hakuweza kulisoma.

Hapa yafaa kumkumbuka Lajos Kassák wa Hungaria. Mwaka wa 1919 alimjibu Béla Kun waziwazi kwamba sanaa si mtumishi wa chama, jarida lake likapigwa marufuku na serikali ya mapinduzi yenyewe. Akakimbilia Vienna baada ya serikali hiyo kuanguka, akaendelea kulitoa huko. Dos Santos alichagua kinyume. Kwake shairi lilikuwa silaha, na silaha huwa chini ya amri.

Gharama ya uchaguzi huo ilionekana kule kule kusini. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na uongozi ukashikwa na watatu: Uria Simango, Samora Machel na Dos Santos. Kabla mwaka haujaisha Simango alikwisha fukuzwa. Mwaka wa 1970 Machel akawa rais wa chama na Dos Santos makamu wake. Mwezi wa Mei 1975, Simango alisimamishwa Nachingwea mbele ya hadhara, akalazimishwa kusoma ungamo refu la usaliti. Baadaye aliuawa bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote. Mshairi aliyejificha nyuma ya majina mawili ili sauti yake isinyamazishwe alikuwa mtu wa pili katika chama kilichomtia mwenzake maneno kinywani. Hakuna ubeti unaolifuta hilo, wala hilo halizifuti beti za Kalungano.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, naye akawa waziri wa mipango. Diwani yake, Canto do Amor Natural, haikutoka nchini mwake ila mwaka wa 1987, alipokuwa na umri wa miaka 58. Alifariki Maputo tarehe 11 Februari 2020.