Hifadhi si Kumbukumbu

Neno "memori" limebebeshwa kazi nyingi mno. Kadi ndogo ya simu ni memori. Flashi ya nyimbo inayochomekwa kwenye redio ya basi la Makambako kwenda Njombe, nayo wapo wanaoiita memori. Kompyuta ikiwa nzito utasikia "memori imejaa". Kompyuta hiyohiyo ikikataa kupokea picha za harusi, sababu inayotajwa ni ileile. Mteja akiulizwa na fundi mashine yake ina jibii ngapi, anaweza kusema 4, anaweza kusema 500, na yote mawili yakawa kweli, kwa kuwa hakuna aliyetaja ni jibii za nini.

Kiingereza kinatenganisha memory na storage. Kiswahili cha maandishi nacho kinatenganisha: kumbukumbu na hifadhi. Ninachotaka kukitetea hapa ni hili la pili, kwa sababu bado linaishi zaidi kwenye skrini kuliko midomoni mwa watu, na kukosekana kwake mezani kwa fundi kunawagharimu watu fedha.

Kumbukumbu ni mahali ambapo kompyuta inaweka kile inachokifanyia kazi sasa hivi: barua uliyoifungua, ukurasa wa mtandao, wimbo unaopigwa. Ni ya kasi, ni ndogo, na inaishi kwa umeme. Hifadhi ni diski, iwe ile ya sahani zinazozunguka au ile mpya isiyo na kinachozunguka, ambayo madukani huitwa SSD. Humo vitu hukaa hata mashine ikizimwa mwezi mzima. Anayechapa barua kwenye kompyuta ya mezani pale Njombe jioni ya radi, umeme ukakatika kabla hajaihifadhi, anapoteza kilichokuwa kwenye kumbukumbu. Alichokihifadhi jana kipo. Ndiyo maana menyu za Kiswahili huandika "Hifadhi" kwenye ile amri ya kuipeleka kazi kwenye diski. Aliyeiweka simu yake katika Kiswahili amekwishaliona neno hili mara nyingi, likihesabu nafasi iliyobaki, na huduma ya Google ya kuweka mafaili mtandaoni jina lake la Kiswahili ni Hifadhi ya Google.

Gharama ya kuyachanganya maneno haya niliiona kwenye steshenari moja jirani na stendi ya Makambako. Mama mmoja anayekusanya viazi mviringo vijijini na kuvipakia kwenye malori ya Dar es Salaam aliingia na laptopu kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inaburuza, imejaa memori. Nilishaongezewa nyingine, nikalipa, bado inaniambia imejaa."

Kijana wa steshenari aliiwasha, akatazama. Kweli mama alikuwa ameongezewa: kumbukumbu ilikuwa imetoka GB 4 hadi 8. Kilichojaa kilikuwa kitu kingine kabisa. Skrini ilionyesha pau mbili. Ya C ilikuwa nyekundu, imebakiwa na chini ya GB 1 kati ya 97. Ya D ilikuwa na GB 368, karibu zote tupu. Aliyeipiga windo mashine ile, yaani aliyeiwekea Windows, aliigawa diski sehemu mbili, kama mafundi wengi wanavyofanya, ili siku ya kupiga windo upya sehemu ya C ifutwe na mali ya mwenye mashine ibaki D. Ni desturi nzuri, ila mama hakuambiwa. Picha za stakabadhi, hesabu za msimu, video za WhatsApp, vyote alikuwa akiviacha kwenye eneokazi na kwenye folda ya vipakuliwa, na folda hizo zote mbili zimo ndani ya C.

"Mama, nafasi unayo. Iko huku D, haijaguswa."

Kuhamisha kulichukua muda wa chai na maandazi. Fedha ya kile kipande cha kumbukumbu ilikuwa imekwenda, na haikuwa ndogo kwa mtu anayesubiri bei ya viazi ipande. Angeambiwa tangu mwanzo kwamba kilichojaa ni hifadhi, swali la kwanza la fundi yeyote lingekuwa: ni hifadhi ipi, ya C au ya D?

Ukijumlisha 97 na 368 unapata 465, na diski yenyewe imeandikwa 500. Wengi huhisi wamepunjwa hapo. Hawajapunjwa. Kiwanda kinahesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu GB 1 kuwa baiti 1,073,741,824, yaani 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Baiti ni zilezile, kipimo ndicho kinachotofautiana. Kwa hesabu hiyo diski ya TB 1 itasomeka GB 931, na muuzaji hana kosa lolote.

Sasa neno lenyewe. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012, unalijua neno hifadhi vizuri kuliko mikoa mingi. Kule Makete kuna Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, uwanda wa maua ambao wenyeji huuita bustani ya Mungu, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005. Makambako kuna kanda ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, yenye maghala na vihenge vya mahindi. Mahali pake panaeleweka, maana hapo ndipo reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia zinapokutana na barabara ya Njombe na Songea. Mtumishi wa pale anakatwa mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi. Kote huko neno lina mambo mawili ndani yake: kipo kinachowekwa, na yupo anayewajibika kisiharibike. "Stoo" haina hilo la pili. Unaweza kutupa kiti kibovu stoo na kukisahau, lakini huwezi kusema umekihifadhi. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema "stoo" au "ghala" yangetosha, ingawa yote mawili ni mepesi kutamka. "Bohari" nalo ni zuri, ila limekwishachukuliwa na dawa za serikali na vifaa vya ofisi.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Pwani, mtoto wa madrasa anahifadhi Kurani, maana yake anaiweka kichwani. Je, kuhifadhi si kukumbuka? Ni kweli maana zinagusana, lakini tazama kusudi: mtoto anahifadhi aya ili zisitoke tena, usiku na mchana, awe anasoma au amelala. Hiyo ni tabia ya diski. Kumbukumbu ya kompyuta haihifadhi kwa maana hiyo hata kidogo, inashika na kuachia.

Kwa maoni yangu tatizo kubwa liko kwa mwenzake. Ofisi za Tanzania zimelizoea neno kumbukumbu kwa maana iliyo kinyume kabisa na ile ya kompyuta. Kila barua ya serikali ina "Kumb. Na." pembeni. Katibu wa kikao anaandika kumbukumbu, zinasomwa na kuthibitishwa kikao kinachofuata, kisha zinafungwa kwenye jalada zikae miaka. Karani wa halmashauri ukimwambia kwamba kumbukumbu ya kompyuta hufutika mashine ikizimwa, anashangaa kwa haki. Kwa hiyo napendelea kusema "kumbukumbu ya kazi" kila ninapozungumzia kile kipande kinachoongezwa ndani ya mashine. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini yanamwambia mtu kwamba humo mna kazi inayoendelea tu.

Istilahi zetu hazikukosa wa kuzitunga. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo fundi hujifunza kazi kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine, na anayarithi maneno yake. Kama aliyemfundisha alisema memori, naye atasema memori. Orodha ya istilahi haimfikii, mazungumzo ya benchi ndiyo yanayomfikia.

Pale neno hifadhi linaposaidia zaidi ni kwenye kufuta. Watu hufuta faili, wanaliona halipo, wanaamini limetoweka. Lakini diski ya sahani inafanya kama mtunza ghala wa Makambako anayechora mstari kwenye daftari juu ya namba ya shehena: daftari linasema sehemu ile iko wazi, magunia bado yamepangwa palepale mpaka shehena nyingine ije kuchukua nafasi yake. Hii ina faida na hatari. Faida, picha zilizofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi hurudishwa, mradi mwenye mashine aache kuitumia mara moja, asiongeze chochote. Hatari, anayeuza kompyuta yake baada ya kufuta tu anauza na barua zake. SSD ni tofauti: mfumo huitaarifu kwamba sehemu fulani haihitajiki, nayo huisafisha yenyewe kwa wakati wake, kwa hiyo tumaini la kurudisha ni dogo zaidi. Na kabla ya yote hayo lipo pipa. Kilichofutwa kwa njia ya kawaida kinaingia pipani na kinaendelea kula nafasi ileile hadi pipa limwagwe. Nimeona C ikipata GB 20 kwa kumwaga pipa peke yake.

Ni nini kinachojaza diski ya nyumbani? Mara chache ni barua na hesabu. Jedwali la mauzo ya viazi ya mwaka mzima ni dogo kuliko picha moja ya simu. Kinachojaza ni video, kisha video, kisha nakala za video zilezile. Mtoto anachomeka simu, anahamisha folda nzima ya WhatsApp. Mwezi ujao anahamisha tena, pamoja na za mwezi uliopita. Muvi zilizotafsiriwa zinaingia kwa flashi na hazitoki. Windows nayo ina yake: ikipata toleo jipya kubwa, huacha lile la zamani ndani ya folda iitwayo Windows.old, gigabaiti nyingi, na kwa kawaida hulifuta yenyewe baada ya siku 10. Kuna pia faili la kulalia, ambalo mashine huandika humo yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kazi inapolala usingizi mzito, na faili la kubadilishana, ambalo hutumika kumbukumbu ya kazi inapozidiwa. Hapo hifadhi inaazimwa kufanya kazi ya kumbukumbu, na ndiyo sababu C iliyojaa kabisa huifanya mashine iwe nzito kweli. Yule mama hakuwa amekosea kwamba inaburuza.

Njia ya kuanza ni kupanga folda kwa ukubwa na kushughulika na kumi za juu. Kuhangaika na mafaili madogo ni kupoteza jioni.

Lipo na fumbo la flashi ambalo huwachosha wateja wa muvi. Flashi ina GB 32, zimebaki 20, faili la muvi lina GB 5, nalo linakataa likisema ni kubwa mno. Nafasi ipo. Kinachokataa ni mpangilio wa flashi uitwao FAT32, ambao hauwezi kupokea faili moja lifikalo GB 4. Ukiifomati upya kwa mpangilio wa exFAT, muvi inaingia, ila kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo kihamishwe kwanza. Redio za gari za zamani nyingi hazisomi exFAT. Flashi ya nyimbo ibaki kama ilivyo.

Na sehemu ya diski tuiiteje? Mafundi husema patisheni, au "lokodisiki D". Wengine wamependekeza kizigeu. Kizigeu ni kile kinachotenga, pazia au kiambaza, wakati mtu anayetafuta picha zake anahitaji jina la upande zilipo. "Sehemu C" na "sehemu D" yanatosha, na yule mama aliyaelewa bila kufafanuliwa.

Asichokuwa amekielewa ni kwamba sehemu D nayo imo ndani ya chuma kilekile. Diski ikianguka au ikiungua, C na D zinakwenda pamoja. Mafundi hurahisisha mno wanaposema "weka D, ni salama". Ni salama dhidi ya kupiga windo upya, basi. Kama neno ni hifadhi, nalichukulia kwa uzito wake wote: hesabu za biashara hazijahifadhiwa hadi nakala yake iwe kwenye kifaa kingine, na kifaa hicho kiwe kwenye nyumba nyingine. Kwa mfanyabiashara wa Makambako mwenye ndugu Njombe si jambo gumu. Flashi ya GB 16 inabeba hesabu za miaka, na basi la Njombe linaondoka mchana kutwa.