Earl Cameron: Kutoka Karanja hadi Najashi

Aliyetazama The Message, filamu ya Kiingereza ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, hamsahau Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Waislamu wa mwanzo wamekimbia mateso ya Makka na kuomba hifadhi Uhabeshi. Wajumbe wa Makureshi wamewafuata huko huko, wanataka warudishwe. Mfalme anazisikiliza pande zote mbili. Jaafar bin Abi Talib, msemaji wa Waislamu, anaposoma habari za Bibi Maryam na mwanawe Isa, mfalme anachora mstari chini kwa fimbo yake kuonyesha jinsi imani zao zilivyokaribiana. Wageni hawatatolewa.

Aliyevaa taji lile hakuwa Mhabeshi. Alikuwa Earl Cameron, aliyezaliwa Pembroke, Bermuda, tarehe 8 Agosti 1917. Najashi haonekani kwa muda mrefu, na jina la Cameron halikutangulia kwenye bango. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi karibu maisha yake yote: nafasi fupi, mhusika mmoja na mwingine, jukwaani, sinema na televisheni. Kwetu Afrika Mashariki ana uzito wa pekee, kwa kuwa mara kadhaa Waingereza walipotaka kuonyesha Mwafrika msomi au mwenye cheo, walimwita yeye.

Alifika London mwaka 1939 akiwa baharia, vita vikianza, akaishia kuosha vyombo mahotelini. Mwaka 1941 alikwenda kumtembelea rafiki yake aliyekuwa katika mchezo wa Chu Chin Chow. Waigizaji kadhaa walikuwa hawafiki kazini, naye akachukuliwa kuziba pengo. Hakuwa na mafunzo yoyote. Baadaye alijifunza kutumia sauti kwa Amanda Aldridge, mwalimu aliyewahi kumfundisha Paul Robeson. Amanda alikuwa binti wa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyeigiza Shakespeare kote Ulaya katika karne ya 19. Kwa hiyo sanaa ya Cameron ina nasaba, na nasaba hiyo inastahili kutajwa kila anapotajwa.

Mwaka 1951 mwongozaji Basil Dearden alimpa nafasi ya Johnny, baharia wa Jamaika, katika Pool of London. Johnny na msichana wa Kizungu wanapendana kwa woga katika mitaa ya London. Sinema ya Uingereza ilikuwa haijawahi kumpa mtu mweusi uhusika wa namna hiyo. Hata hivyo milango haikufunguka kwa kasi. Miaka iliyofuata aliendelea kupewa sehemu ndogo ndogo.

Hapo ndipo Kenya inapoingia. Simba, filamu ya mwaka 1955, ilitoka wakati Hali ya Hatari ingali inaendelea. Mandhari zilipigwa Kenya, lakini maigizo makuu yalifanyika katika studio za Pinewood, Uingereza. Cameron ni Peter Karanja, daktari Mkikuyu anayeshukiwa na walowezi huku baba yake akiwa kiongozi wa Mau Mau. Filamu inavitazama vita vya Mau Mau kwa macho ya mlowezi, na kilio cha ardhi kinapewa nafasi finyu mno. Karanja amepachikwa katikati ili awe Mwafrika mwema, na wema wake lazima authibitishe kwa Wazungu tena na tena, hadi anapouawa. Siwezi kuitetea filamu hiyo. Namtetea Cameron. Karanja wake hajipendekezi kwa mtu, na hasira aliyoibana inaonekana usoni pale ambapo maneno aliyoandikiwa hayaruhusu kuisema.

Miaka tisa baadaye ikaja Guns at Batasi, iliyotoka mwaka 1964, mwaka ule ule ulioanza kwa maasi ya askari Tanganyika, Uganda na Kenya. Nchi ya filamu haina jina, lakini ni dola changa la Kiafrika ambamo serikali inapinduliwa. Cameron ni Kapteni Abraham, mtiifu kwa serikali hiyo. Anajeruhiwa, analazwa katika mesi ya masajini wa Kiingereza, nao ndio wanaobishana na waasi kuhusu kumtoa au kutomtoa. Roho yake imo mikononi mwa wageni, ilhali nchi ni yake.

Tuiweke picha hiyo kando ya Najashi. Suala ni lile lile: mtu aliyekimbilia hifadhi, na wenye nguvu wanaomtaka. Kwa Najashi, Cameron ndiye mwenye nyumba, na neno lake ndilo la mwisho. Ilimchukua miaka 12 kutoka kitanda cha Abraham hadi kiti cha Najashi.

Mwaka 1979 Cameron, aliyekuwa mfuasi wa dini ya Bahai tangu 1963, alihamia Visiwa vya Solomon kuitumikia imani yake, akawa na duka la aiskrimu huko kwa miaka mingi. Aliporudi Uingereza alianza upya. Alitunukiwa nishani ya CBE mwaka 2009, akafariki Julai 2020 akiwa na miaka 102.

Nafasi yake kubwa ya uzeeni ni The Interpreter ya mwaka 2005, alipokuwa akikaribia miaka 90. Ni Zuwanie, rais wa nchi ya kubuni ya Matobo, ambayo lugha yake ilitungwa kwa kufuata lugha za Kibantu za mashariki na kusini mwa Afrika. Zuwanie alikuwa mkombozi, akageuka mwuaji wa watu wake. Mwishoni, ndani ya jengo la Umoja wa Mataifa, mwanamke mwenye bastola anamlazimisha asome kitabu alichokiandika enzi zile za ukombozi. Mzee anakishika, anaanza kusoma, na sauti ni ile iliyopitia kwa Amanda Aldridge.